Kwa Mlango, Si kwa Dirisha

Nasike alikuwa akidanganya watu mchana kweupe, kila Jumamosi, na watu walikuwa wakipanga foleni ili wadanganywe. Nalisema mapema, asije mtu akadhani nataka kumfanya malaika. Malaika gani atakaa Kawangware 56, nyuma ya duka la hadwea, ndani ya banda la mabati la Mzee Ng'ang'a ambamo vijana walibanana kwenye mabenchi kutazama video za Wamarekani?

Kazi yake ilikuwa kutafsiri. Televisheni ilikaa juu ya kabati, deki ya kaseti chini yake, na pembeni kulikuwa na stuli ndefu ambayo Nasike aliipanda akiwa na maikrofoni mkononi. Wazungu wakisema yao, yeye anayageuza Kiswahili, na spika inakwaruza mpaka nje kwa mama wa sukuma wiki. Shida ni kwamba Wamarekani wale waliongea kwa pua, tena mbio mbio, na Kiingereza cha Nasike kilikuwa cha ubaoni, cha shule ya kutwa kule Kibera. Alinasa neno hapa, akanasa lingine pale. Palipobaki wazi alijaza mwenyewe, na palibaki wazi karibu filamu nzima.

Ila alijaza vizuri, haki yake nimpe. Majina ya kizungu hakuhangaika nayo. Msichana mrembo wa filamu alimwita Akeyo. Babake, mzungu wa masharubu, akawa Mzee Ogola. Kijana mwenye gari jekundu alimbatiza Kiarie, na vijana wa Kawangware walipiga mluzi kila gari lile lilipotokea, kwa sababu Kiarie ni wa kwao. Watu walicheka mpaka wakaangukiana. Nani angeenda kuuliza Amerika kama ndivyo ilivyo?

Kaseti iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya huyo Akeyo. Amemaliza shule, kuna densi ya kuagana, na Kiarie anamngoja nje na gari. Akeyo anashuka ngazi na gauni la waridi, na pale chini ya ngazi amesimama Mzee Ogola, mikono kifuani, amekataa. Wanazungumza, Akeyo machozi yanamtoka, kisha anafungua mlango anatoka. Baadaye babake anamfuata mpaka nje ameshika koti. Hizo ndizo picha. Maneno aliyaweka Nasike, na kila mtu katika lile banda aliyajua kwa moyo. Akeyo anasema, "Baba, nimekula kwako, nimelala kwako, na asante. Lakini miguu hii ni yangu. Leo natoka kwa mlango, si kwa dirisha, ili unione nikienda." Na Mzee Ogola akitoka na lile koti, Nasike alikuwa anakaza sauti, "Akeyo, vaa sweta, mwanangu, kuna baridi." Hapo wasichana walikuwa wanapangusa macho na khanga, na wavulana wanajifanya wanakohoa.

Sasa tumwangalie Boaz, kakake Nasike. Alikuwa fundi wa mbao kando ya barabara pale Olympic, Kibera, anatengeneza vitanda na kabati, na aliishi Kianda na mkewe Trizah na mtoto wao Khaemba katika chumba kimoja. Baba yao alipofariki, Boaz ndiye aliyemtoa Nasike Kimilili, akamlisha, akamsomesha mpaka kidato cha nne. Mtu mbaya hakuwa. Lakini alikuwa mgumu, jamani, na ugumu wake aliuhesabu kuwa ndio utu wake.

Ugumu huo ulikuwa na hadithi, na hadithi yenyewe ililiwa pamoja na ugali. Boaz alitahiriwa kwa mila ya Kibukusu, alfajiri, amepakwa matope ya mtoni, kijiji kizima kimemzunguka, na hakupepesa jicho. Hakutikisika hata kidole. Wajomba wanalisema hilo mpaka leo, na wajomba wakinyamaza Boaz analisema mwenyewe. Siku moja Nasike alimuuliza, bila ubaya wowote, "Na msichana je, Baba Khaemba, yeye anakua lini?" Boaz akamtazama kama aliyeulizwa stuli inakua lini. Akamjibu kwamba msichana anakua akiolewa. Trizah, aliyekuwa anasonga ugali, akacheka kicheko ambacho hakikuwa kizuri.

Na kweli ndoa ilikuwa imeshapikwa. Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tisini na sita, mwaka wa tohara, na Boaz alikuwa anasafiri kwenda kumsimamia mpwa wake. Aliamua Nasike atapanda basi pamoja naye na hatarudi. Huko Kimilili kulikuwa na mjane wa kiume mwenye posho mill, mashine ya kusaga mahindi, ameshaongea na wajomba, na wajomba wameshakunywa chai yake. Tena kule kanisani mtu alikuwa amemnong'oneza Boaz kwamba dadake anashinda kwenye banda la video Kawangware na wahuni, na Boaz aliona aibu mbele ya washirika wenzake. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mambo ya mjini yamekwisha.

Nasike alilia, akaomba, akaeleza kwamba ile ni kazi, watu wanamsikiliza, hakuna uhuni wowote. Mdomo wake na ile maikrofoni ndivyo vitu pekee duniani alivyoviona kuwa vyake, na hakuona ataviweka wapi kwenye posho mill. Mwishowe ni Trizah aliyemwambia mumewe aende akajionee, ili baadaye mtu asije akasema walimwonea msichana wa wenyewe. Trizah alitaka nafasi chumbani, tusidanganyane, na alijua Boaz atakachokiona hatakipenda. Boaz akakubali. Akasema Jumamosi ataenda, na akikuta kazi ni ya heshima, Nasike atakaa Nairobi. Akikuta ni upuzi, Jumapili wanapanda basi la Kimilili.

Kwa hiyo Jumamosi Nasike alitembea kutoka Kianda kupitia Jamhuri, akavuka barabara ya Ngong. Alipofika alimwomba Mzee Ng'ang'a abadilishe kaseti, aweke ile ya mbwa anayecheza mpira. Mzee akamwonyesha ubao uliokuwa nje. Watu wamekuja kumwona Akeyo, alisema, na yeye hawezi kuwaonyesha mbwa.

Mlangoni alikuwa ameketi Shiru, binti wa Mzee Ng'ang'a, anapokea viingilio. Shiru alisoma shule ya bweni kule Limuru na Kiingereza chake kilikuwa kimepigwa pasi. Tangu arudi nyumbani alikuwa anaitamani ile stuli, na alikuwa anamchukia Nasike wazi wazi, bila kujificha. Wiki iliyopita alimwambia, "Wewe hata hujui wanasema nini," na Nasike akamjibu, "Na wewe unayejua, mbona hakuna anayekuita?" Shiru hakulisahau. Mtu wa aina ile hasahau.

Sella, aliyesuka watu nywele kwenye saluni ya jirani, alikuja kumfunga Nasike kitambaa kichwani vizuri. Yeye alikuwa shabiki wa Akeyo kupita wote. Alijua habari ya basi na ya posho mill, na alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mambo yakiharibika, saluni ina benchi refu na mlango unaofungwa. Nasike alimshukuru na kumwambia hayataharibika.

Boaz akaingia amevaa koti lake la kanisani. Vijana walimpisha wakadhani ni mchungaji. Alikaa benchi la mbele kabisa, kofia juu ya magoti, akaitazama televisheni kama anayetazama mbao akitafuta mahali palipopinda.

Filamu ikaanza, na Nasike akaanza kuiosha. Akeyo wa siku hiyo alikuwa mtoto wa ajabu. Anaamka anasali. Anamsaidia mamake vyombo. Kiarie wa gari jekundu alikuwa amekuja kuazima Biblia. Mwanzoni watu walicheka wakidhani ni mzaha mpya, kisha wakaanza kuguna. Mmoja nyuma akauliza kwani Nasike leo ni mgonjwa. Nasike aliendelea, jasho linamtiririka, jicho moja kwenye televisheni na jingine kwenye kofia ya kakake. Boaz alikuwa anaitikia kwa kichwa taratibu, anakubali. Wallahi ilikuwa inaenda vizuri.

Akeyo akashuka ngazi na gauni lake. Mzee Ogola akakunja mikono. Watu wakakaa sawa, wanangoja lao. Nasike akasema kwa sauti nyembamba, "Baba, nisamehe. Nimekosa. Mimi ni mtoto tu, wewe ndiye unayejua. Ukisema nisiende, siendi."

Kisha lawama zikaanza kutoka kila benchi. Hiyo si yenyewe. Nasike anatuzungusha. Rudisha maneno. Halafu msichana mmoja akaanza kuyasema mwenyewe, wa pili akamfuata, na kabla Mzee Ng'ang'a hajafika kwenye deki banda zima lilikuwa linaimba kwa pamoja: nimekula kwako, nimelala kwako, miguu hii ni yangu, kwa mlango, si kwa dirisha. Waliyasema wanapiga mabenchi, bila kukosea hata neno. Boaz akageuka polepole akawatazama, akayasikia yote, na akaelewa ni nani aliyewafundisha.

Mzee Ng'ang'a akasimamisha kaseti. Boaz akasimama. Hakumwangalia Nasike. Alimtazama Shiru pale mlangoni na kumuuliza kwa upole, "Binti, wewe wanasema umesoma. Huyo msichana anasema nini hasa?"

Nasike alimwangalia Shiru akamwomba kwa macho. Hebu fikiria, umwombe adui wako kwa macho. Shiru alisogea mpaka mbele, akamwambia babake airudishe kaseti nyuma kidogo, akasikiliza, akaanza kutafsiri neno kwa neno kwa ile sauti safi ya bweni. Anasema, baba, samahani. Anasema, nilikudanganya, nimekosa, tafadhali usinikasirikie. Babake anasema amemsamehe, aende, lakini arudi mapema. Kisha Shiru akageukia watu, na tabasamu lake nusura lifike masikioni. "Leo ndiyo mara ya kwanza Nasike ametafsiri vizuri. Siku hizo zingine zote alikuwa anawatungia."

Nasike mwenyewe alipigwa na butwaa. Miezi yote ile alisema kwa ujasiri maneno yasiyokuwepo, na siku aliyosema kwa woga ndiyo siku aliyosema kweli. Alitaka kucheka. Kumbe Akeyo hakuwahi kusema lolote. Kumbe alikuwa analia tu na kuomba radhi, Jumamosi baada ya Jumamosi, na mtu mmoja pembeni anamsemea.

"Bure kabisa huyo Akeyo wa kweli," mmoja akanung'unika kule nyuma. Wengine walikuwa wanamkodolea Nasike kwa hasira, kwa kuwa hakuna mtu anayependa kujua alilia bure.

Boaz akavaa kofia. Sasa uso wake ulikuwa umetulia, kama mtu aliyemaliza kazi. Akamwambia dadake mbele ya wote kwamba amesikia, hata mtoto wa mzungu anamwomba babake radhi. Basi na yeye ashuke kwenye stuli, awaombe watu hawa radhi kwa kuwadanganya, amwombe yeye kakake radhi kwa kumwaibisha, waende nyumbani wakafunge mizigo.

Na lilikuwa jambo rahisi, jamani. Neno moja tu. Lingemrudishia kakake, na pengine hata watu wa banda wangemsamehe. Nasike alilitafuta neno hilo mdomoni akalipata, likakaa ulimini tayari. Maikrofoni ilikuwa bado inawaka.

"Huyo wa filamu ameomba radhi," akasema. Spika ikakwaruza mpaka nje. "Sawa. Basi yale maneno mengine hayakuwa yake. Yalikuwa yangu. Baba Khaemba, nimekula kwako, nimelala kwako, na asante. Kimilili siendi. Mwenye posho mill simtaki. Nikitoka kwako nitatoka kwa mlango, na utaniona."

Labda unangoja nikwambie watu walishangilia. Hawakushangilia. Akeyo akiyasema walikuwa wanapiga mabenchi, lakini huyu alikuwa msichana wa Kianda anamjibu kakake mkubwa aliyemlea, mbele yake, na hilo liliwatia aibu. Waliangalia viatu vyao. Mmoja alicheka kidogo akanyamaza. Hata wale wasichana wa khanga waligeuza nyuso. Nasike alibaki juu ya stuli peke yake, na akamwona Boaz akitoka.

Mzee Ng'ang'a akamnyang'anya maikrofoni, si kwa ukali sana. "Mimi nauza filamu, Nasike," alimwambia. "Siuzi shida za nyumbani kwenu." Nasike alipofika mlangoni alikuwa tayari anamsikia Shiru juu ya stuli, anatafsiri kila kitu sawasawa.

Alifika Kianda jua likiwa linaelekea kuzama. Sanduku lake la chuma, lile la shule lenye jina lake kwa rangi nyeupe, lilikuwa nje kwenye vumbi. Trizah alikuwa amewasha jiko mbele ya mlango na anapepea makaa kwa kipande cha katoni, hakumsalimu. Majirani walikuwa na shughuli nyingi sana ghafla karibu na milango yao. Boaz alikaa kizingitini.

Alimwambia Nasike apige magoti. Hakupaza sauti. Alisema akipiga magoti sasa hivi na kuomba radhi, sanduku litarudi ndani, watalala, na asubuhi watapanda basi kama ndugu. Asipopiga magoti, hana dada.

Nasike hakupiga magoti. Hakusema kitu pia, maana huku hakukuwa na spika wala benchi, na maneno yake yote alikuwa ameshayamaliza Kawangware. Alisimama tu. Mikono chini, kidevu juu, macho kwa macho ya kakake, na hakupepesa. Trizah aliacha kupepea. Moshi wa jiko ulimwingia Nasike machoni, yakamwagika machozi ya moshi, na bado hakupepesa. Boaz alikijua kile kisimamo. Yeye mwenyewe alisimama hivyo alfajiri ile ya tohara na akakisimulia maisha yake yote. Alimkazia macho muda mrefu, kisha ni yeye aliyeangalia kando.

"Chukua sanduku lako," akasema, akaingia ndani. Trizah akamfuata. Chumba chenyewe hakikuwa hata na dirisha.

Nasike alilibeba sanduku kwa mikono miwili, linamgonga mapajani, akapita mbele ya majirani ambao hakuna aliyenyoosha mkono. Alipofika kwenye kona ya mfereji wa kuteka maji akasikia mlango wa Boaz ukifunguka nyuma yake. Akasimama. Usinicheke mimi, wala usimcheke yeye. Alijua ile filamu ni uongo, alijua kuliko mtu yeyote kwamba uongo ule aliutunga yeye, na bado kifua kilimjaa. Hapa ndipo Mzee Ogola anapotoka na koti. Akageuka.

Boaz alikuwa amesimama nje ya mlango, anamtazama. Halafu akainama, akalishika lile jiko kwa vishikio, makaa yameshakolea, akaliingiza ndani. Komeo likalia.

Nasike alisimama pale kwenye mfereji bado kidogo, mpaka mama mmoja aliyekuja kuteka maji akamwambia asogee. Akajitwika sanduku kichwani, akashika njia ya Jamhuri kwenda kwenye benchi la Sella. Ilikuwa Agosti, baridi kali, na sweta yake ilikuwa imebaki ndani.